Jo sita za Salome Klipfel

Kwa miaka saba Salome Klipfel aliwaambia watu kwamba Lina Dürr alifukuzwa kijijini Lindelsheim na neno moja dogo lisilo na maana yoyote. Kila mgeni alisimuliwa. Mimi, mtu wa Alsace niliyerudi kutoka nchi za mbali, nilipopanga chumba chake cha juu, mwishoni mwa mwaka 1925, nilisimuliwa kabla sijafungua sanduku langu, yeye akiwa amepiga magoti sakafuni, pini zimejaa mdomoni, anapima pindo la gauni la mtu.

Neno lenyewe ni jo. Kwa lahaja yetu ya Alsace ni "ndiyo", lakini ni ndiyo ya kweli mara moja katika kumi. Mara tisa nyingine ni sauti tu ya kumwonyesha anayesema kwamba unamsikiliza, kama mtu anavyoitikia "enhe" hadithi ikiendelea. Mwambie mwanamke wa Lindelsheim kwamba ng'ombe wake amekufa, ataanza na jo. Mtukane, ataanza na jo vilevile, kisha ndipo akutukane.

"Mkalimani alikuwa mtu wa Paris," Salome alikuwa akisema. "Kijerumani chake cha vitabuni. Mimi nasema jo, namsikiliza, nangoja amalize nieleze. Yeye anaandika ndiyo. Jo sita, ndiyo sita, basi. Mtu kama mimi angefanya nini?"

Wasikilizaji walitikisa vichwa wakasema watu wa Paris ndivyo walivyo. Nami nilitikisa kichwa. Nimekaa katika nchi nyingi na nimeona watu wakiponzwa na tafsiri, kwa hiyo kisa hiki niliking'ang'ania. Nilikiandika daftarini usiku huohuo na, katika safari zangu za majira yale ya baridi, kukisimulia Geneva, Trieste na Antwerp, na kila mahali watu walicheka kidogo, kisha wakanyamaza. Nilikuwa nikieneza uongo na sikujua.

Salome alizaliwa mwaka 1884, miaka kumi na mitatu baada ya Ujerumani kuitwaa Alsace kutoka kwa Ufaransa. Shuleni walifundishwa Kijerumani, na mtoto aliyeteleza akatamka neno la Kifaransa alisimamishwa kona hadi saa ya kutoka. Lakini bibi yake, ambaye hadi anakufa hakukubali kwamba Kaiza ni mfalme wake, alimfundisha Kifaransa kwa kitabu cha sala, ukurasa baada ya ukurasa, na kumwapisha asimwambie mtu. Mtoto akajifunza mambo mawili kwa pamoja: lugha, na kuificha. Alipokuwa mshonaji na kufungua chumba chake cha kazi karibu na chemchemi ya kijiji, hakuna aliyejua kwamba kile Kifaransa kimo ndani yake. Hakuna, isipokuwa Lina.

Lina alivuka Mto Rhine mwaka 1897, bi harusi wa fundi wa reli, akitoka Baden, Ujerumani ya ng'ambo; ukipanda mlima nyuma ya shamba letu la mizabibu unaona moshi wa majiko yao. Mumewe alifariki mwaka 1909 na kuzikwa kando ya ukuta wa makaburi yetu. Lina alikuwa mkunga. Ilipofika mwisho wa Vita Kuu, watoto wengi wa kijiji walikuwa wameguswa na mikono yake kabla ya mikono ya mama zao. Mwaka 1911 Salome alipougua homa ya matumbo, ni Lina aliyemuuguza siku kumi na mbili, na ndiye aliyemsikia akiweweseka kwa Kifaransa.

"Kumbe umo na wewe," Lina alimwambia alipopata nafuu.

"Umesikia nini?"

"Salamu Maria, mara arobaini. Usiogope, sitamwambia polisi kwamba Mama wa Mungu ni Mfaransa."

Mwaka 1914 ndugu pekee wa Salome, Morand, alivalishwa sare ya kijivu na kupelekwa kupigana na Warusi, kwa sababu Wajerumani hawakuwaamini watu wetu mbele ya Wafaransa. Alifia Galicia mwaka uliofuata. Picha yake akiwa na sare hiyo ilining'inia juu ya cherehani kwa miaka mitatu.

Kisha, Novemba 1918, kijiji kiliambiwa kina siku tano tu, Wafaransa wanaingia. Kitambaa hakikuwepo popote, vita ilikuwa imekula hata mapazia. Kilichokuwepo kila nyumba ni bendera ya Kaiza: nyeusi, nyeupe, nyekundu. Watu wakamletea Salome bendera hizo kwa mafungu. Kazi ilikuwa kufumua ule ukanda mweusi na kushona wa buluu mahali pake, iwe ya Wafaransa, na buluu pekee iliyobaki kijijini ilikuwa ya aproni za wanawake. Kwa ile bendera kubwa ya ofisi ya kijiji, Lina alikuja na aproni yake ya kazi.

"Ivue hiyo, shoga," Salome akasema.

"Na kesho nikiitwa nitazalisha nimevaa nini?"

"Vaa joho la padri. Lete."

Wakashona pamoja mchana kutwa, wakaenda kuitundika dirishani pa ofisi. Lina akashuka barabarani kuitazama.

"Salome."

"Nini?"

"Hebu njoo uitazame kutoka huku chini."

"Ina nini? Imepinda?"

"Haijapinda. Umetuhamishia Uholanzi. Tena Uholanzi yenyewe umeisimamisha kwa kichwa."

Salome aliteremka, akatazama. Alikuwa ameshona mikanda ikilala, kama ilivyolala kwenye bendera ya Kaiza na ya Waholanzi, badala ya kusimama kama Wafaransa wanavyotaka. Alianza yeye kucheka. Alicheka hadi akakaa kwenye ngazi, na Lina akacheka kwa kumwona yeye, wakashikana mabega. Halafu wakapanda, wakaigeuza, ikaning'inia ndefu kama taulo, lakini mikanda ilisimama, na Wafaransa walipoingia hakuna aliyelalamika.

Wakati ule wa kucheka alipita Hirlemann mwenye kinu cha unga. Hirlemann huyo alikuwa mwenyekiti wa chama cha askari wastaafu, na kila siku ya kuzaliwa kwa Kaiza ndiye aliyeanzisha wimbo. Juma lile la Novemba alikuwa wa kwanza kuweka ua la rangi tatu za Ufaransa kwenye kofia. Aliona wanawake wawili wanacheka chini ya bendera. Mmoja alikuwa Klipfel, wa hapahapa tangu enzi za mababu. Mwingine alikuwa Schwob, tusi letu kwa Mjerumani.

Siku hiyohiyo Salome aliishusha picha ya Morand na kuitia chini ya shuka kabatini.

Januari watu wakagawiwa kadi. Kadi ya A, yenye mistari ya rangi tatu, ilikuwa ya mtu ambaye wazazi na mababu zake walikuwa wa hapa kabla ya Wajerumani. Ya D, nyeupe tupu, ilikuwa ya Mjerumani, hata kama amekaa miaka ishirini na miwili na kumzika mumewe hapo. Ikaja na kamati ya kuchambua watu, iliyoketi darasani kwenye shule ya wasichana. Mkubwa wake alikuwa kapteni mmoja aliyetumikia makoloni ya Tonkin na Madagaska, mtu mpole aliyezoea kupanga watu kwa mafungu. Alisema kazi ya Alsace ni nyepesi kwa sababu watu wa huku wanajua kuandika majina yao. Nimeziona kadi za aina hiyo mbali sana na Ulaya, na zilipokuwa za watu wengine hapa kwetu hakuna aliyehoji.

Salome aliitwa kutoa ushahidi juu ya Lina. Maswali yalikuwa sita, na yeye alikuwa akiyasimulia kwa vidole. Unamfahamu mjane Dürr? Jo. Amezaliwa ng'ambo ya mto? Jo. Alikuwepo bendera ilipotundikwa? Jo. Alicheka? Jo, anaanza kueleza, mkalimani keshaandika. Alisema ni ya Uholanzi, iliyopinduliwa? Jo, lakini. Kwa hiyo aliitukana bendera ya Ufaransa? Jo, hapo maana yake ni "sasa nikuelezeje, bwana," na kalamu ikaandika ndiyo ya sita.

Mwezi Februari Lina alivushwa mto na mzigo wa kilo thelathini. Hapo ndipo kisa cha Salome kilipoishia kila mara, na pini zikarudi mdomoni.

Machi 1926 ikaja barua kutoka Offenburg, ng'ambo ya mto. Lina alikuwa ameomba kibali cha kuja siku moja, kutazama kaburi la mumewe, akanyimwa. Faili lake lilisema ni adui aliyeidharau bendera. Aliuliza kama Salome anaweza kumsaidia. Salome alishika barua hiyo siku mbili, kisha akanigongea.

"Wewe unajua maofisi, na mipaka umeizoea. Twende wote."

"Utamwambia nini?"

"Nitamweleza ilivyokuwa. Neno jo. Yeye ataelewa, anaijua lahaja yetu."

Tulivuka daraja asubuhi ya Jumamosi. Salome alivaa koti lake la kanisani na kubeba keki yetu ya zabibu imefungwa kwenye taulo. Lina alikaa chumba kimoja juu ya karakana ya dobi, na alipofungua mlango nilimwona mwanamke mfupi, mikono imevimba kwa maji ya moto. Hakumkumbatia Salome, wala hakumfungia mlango. Alisema, "Ingieni, baridi inapita."

"Hukupata kazi ya ukunga?" nikamuuliza tulipokwisha kuketi.

"Hapa mimi naitwa Mfaransa," akasema. "Nani atampa Mfaransa mtoto wa Kijerumani amshike wa kwanza? Wanasema hata naongea kama ninyi. Nafua mashuka."

Akakata keki. Salome akaanza hadithi yake. Aliisimulia vizuri kama siku zote, mkalimani wa Paris, Kijerumani cha vitabuni, maswali kwa vidole. Lina alisikiliza ameinamia kikombe, na kila Salome alipovuta pumzi aliitikia, "Jo." Swali la tatu, "Jo." La nne, "Jo." Mimi nilisikia kabla ya Salome kwamba anamrudishia jo zake. Salome aliendelea hadi kidole cha sita, na hapo akasita, kama mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwepo.

"Umemaliza?" Lina akauliza.

"Jo."

"Walinisomea, Salome. Siku ya kunitoa, yule karani alinisomea karatasi yote kwa Kijerumani, ni sheria yao. Maswali sita, ndiyo sita. Nikasema moyoni, ah, huyu amefungwa na jo zake. Kisha akasoma mstari wa mwisho."

Salome alikusanya makombo ya keki kwa kidole.

"Mwambie mpangaji wako mstari wa mwisho unasemaje."

"Lina."

"Basi nitamwambia mimi. Unasema: shahidi amesomewa maelezo haya, na amethibitisha kwa Kifaransa fasaha kwamba ameyaelewa." Akanigeukia. "Mimi ndiye niliyemsikia akisali kwa lugha hiyo. Hakuna mwingine kijijini angeweza kuthibitisha kwa Kifaransa fasaha. Padri mwenyewe hawezi."

Chini, mashine za dobi zilikuwa zikinguruma. Salome alitazama taulo lake la keki, na shingo ikawaka nyekundu hadi masikioni. Ndipo akasema, kwa sauti ambayo sikuwahi kumsikia nayo, wala hakututazama.

"Kapteni aliniuliza mwenyewe. Alimpita mkalimani, akaniuliza kwa Kifaransa, taratibu, kama anaongea na mtoto: bibi, umeelewa? Nami nilikuwa nimeelewa, kila neno. Nilifungua mdomo nimwambie, siyo hivyo, bwana, mimi ndiye niliyeshona vibaya, mimi ndiye niliyeanza kucheka. Nikasema, 'Ndiyo, bwana, nimeelewa vyema.' Ile ya bibi, ya kitabu cha sala. Akasimama, Lina. Kapteni aliinuka kitini. Akasema, bibi, miaka arobaini na minane chini ya Wajerumani, na bado mnaongea hivi! Akasema Ufaransa imerudi kwa ajili ya watu kama mimi. Hakuna mtu aliyewahi kusimama kwa ajili yangu. Nikafikiri, nikisema sasa kwamba mimi ndiye niliyecheka, atakaa. Na ataniuliza Morand alikufa na sare gani."

"Ukatia sahihi."

"Nikatia sahihi. Kwa mwandiko mzuri."

Lina alimeza kipande cha keki. "Nilijua hivyo hivyo," akasema. "Mambo ya kapteni kusimama ndiyo sikuyajua."

"Basi siku ile kwenye gari ulikwisha kujua?"

"Nilikwisha kujua."

"Mbona ukaniita mimi?"

"Ulikuwa ndiwe uliyesimama karibu na gurudumu."

Hilo la gari sikuwahi kusimuliwa, na nililipata kwao wawili kwa vipande, mmoja akianza sentensi na mwingine akiikataa. Ilikuwa Jumanne. Lina alikuwa juu ya gari la farasi na wengine wanane, na kijiji kizima kilikuwa barabarani. Watu aliowazalisha walimrushia matope ya theluji na kupiga kelele, "Schwob, rudi kwenu!" Salome alikuwa kati yao kwa sababu kutokuwepo kungeonekana. Gari lilipokwama kwenye kona ya chemchemi, Lina aliinama akamwita kwa jina, kwa lahaja yetu.

"Salome! Mtoto wa Apolonia amekaa vibaya, ametanguliza matako. Daktari wa mjini aitwe leo, asingoje uchungu. Leo, unasikia?"

Watu walimgeukia Salome. Hirlemann pia, na ua lake kofiani. Salome akanyoosha shingo, akamjibu rafiki yake kwa Kifaransa, kwa sauti ya kusikika na wote:

"Sikuelewi."

Umati ukashangilia. Siku hizo kila mtu alikuwa akiokota vijineno vya Kifaransa, na hicho kilionekana kiboko. Baada ya hapo hakuweza kwenda kwa Apolonia jioni ile na kusema alichoambiwa, kwa kuwa mbele ya kijiji kizima alikuwa hakukisikia. Alikaa nacho Jumatano. Alikaa nacho Alhamisi. Ijumaa asubuhi akaenda, akasema eti amepata wasiwasi tu, heri daktari aitwe. Uchungu ulikuwa umeanza tangu alfajiri. Daktari alifika, akamvuta mtoto, akamwokoa, ila mkono wa kushoto haukupona. Msichana huyo, Mariele, alikuwa na miaka saba sasa, na alipita mbele ya dirisha la Salome kila siku akienda shule.

"Sitaki kurudi kuishi kwenu," Lina akasema tulipokuwa tunavaa makoti. "Hapa nimeshazoea kuitwa Mfaransa. Nataka ile karatasi iseme kweli, nikamwone mume wangu siku moja, mchana, kama mtu mwingine yeyote. Utaandika?"

"Nitaandika."

"Kwa Kifaransa fasaha," Lina akasema, na sikuweza kujua kama ilikuwa dhihaka.

Salome aliandika. Nilimsaidia majina ya maofisi tu, maneno yalikuwa yake. Barua ilihitaji muhuri wa meya, na meya alikuwa Hirlemann. Akatuambia tuilete kwenye baraza, Jumapili baada ya misa, darasani kwenye ileile shule ya wasichana. Watu walikaa kwenye madawati ya watoto, magoti yamefika kifuani. Hirlemann aliisoma barua kimya, akaikunja.

"Salome, mambo haya yamelala. Kwa nini unayaamsha?"

"Tia muhuri, Bwana Meya."

"Unajua ni watu wangapi walioandika juu ya Lina? Unadhani ulikuwa peke yako? Kumi na mmoja. Ukiifuta yako, kumi wataanza kujiuliza."

"Na wajiulize."

"Kaa chini, mama."

Hakukaa. Aliichukua barua mezani na kuisoma kwa sauti, akiigeuza kuwa lahaja yetu papo hapo, pamoja na bendera iliyoshonwa vibaya, kicheko, kapteni na kile Kifaransa. Alisoma vibaya, anarudia mistari, na jasho lilimtoka puani. Watu walitazama mikono yao. Alipofika mwisho, mwuza maziwa mmoja aliyekaa nyuma alipiga paja.

"Yaani miaka yote hii unakijua Kifaransa? Na mimi nilikuwa nakusema kwa bwana ushuru mbele yako nikidhani huelewi!"

Darasa zima likaangua kicheko, kirefu kuliko utani wenyewe, cha watu waliopata mlango wa kutokea. Hirlemann naye alicheka, akavuta kiti ili afunge kikao. Hata Salome alianza kutabasamu. Nilimwona, na aliniambia baadaye kwamba ndilo tabasamu analolichukia kuliko yote.

Apolonia hakucheka. Alikuwa amesimama karibu na jiko la makaa.

"Alikuambia nini pale kwenye gari?" akauliza.

"Apolonia, hilo halimo kwenye barua," Hirlemann akasema.

"Sijaulizia barua. Nilikuwa kitandani, nilisikia kelele tu. Mume wangu alisema Lina alikuita, ukamjibu Kifaransa, watu wakapiga makofi. Alikuambia nini?"

Salome alishika ukingo wa dawati. "Kwamba mtoto amekaa vibaya. Daktari aitwe siku ileile."

"Ilikuwa Jumanne."

"Jumanne."

"Wewe ulikuja Ijumaa."

"Ijumaa."

Apolonia aliliacha jiko. Nilidhani atampiga, na nadhani Salome alitamani hivyo. Badala yake alikuja mbele, akachukua kalamu ya meya bila kuomba, akaandika jina lake chini ya jina la Salome, akiegemea meza kwa nguvu hata karatasi ikatoboka.

"Hilo namfanyia Lina," akasema. "Wewe sitaki uniambie kitu. Usiniombe radhi, usimletee mwanangu gauni, usinisalimie kwenye chemchemi." Kisha kwa Hirlemann: "Gonga muhuri wako."

Akagonga.

Kibali kilitoka Septemba. Lina aliandika kwamba atakuja kwa treni ya saa nne asubuhi na kuondoka na ya saa kumi na mbili jioni, na kwamba Apolonia atampokea. Hakuandika kwamba atapita kwa Salome, wala hakuandika kwamba hatapita. Salome alioka keki tangu jana yake. Alitandika kitambaa cha meza cha Pasaka, akatoa vikombe vya bibi yake, akavipanga vitatu, kisha vinne, kisha akarudisha kimoja kabatini.

Tuliwaona mchana wakishuka kutoka makaburini, Lina na Apolonia, na Mariele kati yao akishikwa mkono ule mzima. Lina alikuwa na gauni jeusi na viatu vya kuazima, vilivyompwaya. Mlangoni kwetu alisimama. Apolonia alimwambia kitu, akaendelea hatua chache na mtoto, akamngoja bila kugeuka.

Salome alikuwa nyuma ya mlango, mkono kwenye kitasa.

"Fungua," nikasema.

"Nywele zangu zimekaaje?"

"Zimekaa sawa. Fungua."

"Apolonia yuko pale."

"Amesogea. Amempisha."

Tulisikia viatu vile vipana vikipiga jiwe la kizingiti mara moja. Lina hakugonga. Nadhani alihisi kwamba si yeye wa kugonga bali Salome wa kufungua, na alikuwa na haki. Salome alivuta pumzi kama alivyofanya siku ile mbele ya kapteni, midomo ikafunguka, na kitasa kikageuka nusu.

Viatu vikaondoka.

"Atapita tena akienda stesheni," Salome akasema.

Alipita tena, saa kumi na moja na nusu, upande wa pili wa barabara. Nikamwomba Salome, nikamwambia nitafungua mimi, naye akaweka kiganja kifuani mwangu, bila hasira, akakiacha hapo mpaka hatua zikaisha kusikika. Kahawa ilikuwa imepoa kwenye birika. Akaanza kuondoa vikombe kimoja kimoja.

"Leo amechoka na mambo ya kaburi," akasema. "Kesho nitaongea naye vizuri."

Kibali kilikuwa cha siku moja. Barua ya kukiomba Salome alikuwa ameiandika yeye mwenyewe, na kila neno lake alilijua.